Deni Letu kwa Wenye Kifafa

Katika viungo vyote vya mwili wa mwanadamu hakuna kilicho kimya kama ubongo. Moyo hudunda ukasikika, tumbo hunguruma likidai chakula, kifua hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Lakini ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu kwa uzito usiofika kilo moja na nusu, hautoi sauti, hauonekani ukijongea, wala hausikii maumivu hata ukiguswa kwa kisu cha mpasuaji, ijapokuwa hakuna maumivu ya kiungo chochote yanayotambulika ila kwa huo. Ndiyo maana wanadamu waliishi nao maelfu ya miaka bila ya kuijua kazi yake. Wamisri wa kale, waliokuwa mahodari wa kuhifadhi maiti za wafalme wao, waliuacha moyo mahali pake kwa taadhima kubwa, na ubongo wakautoa puani kwa kulabu wakautupa.

Lau kiungo hiki kingalifanya kazi daima pasi na hitilafu, yamkini hata leo tungalikuwa gizani. Maradhi ndiyo yaliyotufungulia mlango, na katika maradhi hayo hakuna yaliyotufundisha mengi kama kifafa. Mahali panapoongoza mkono, mahali panapotunza kumbukumbu, namna pande mbili za ubongo zinavyopashana habari: mambo haya, ambayo leo hufundishwa vyuoni kama elimu ya kawaida, yalijulikana kwa sehemu kubwa kutokana na watu walioanguka, wakatetemeka, kisha wakaamka bila ya kujua kilichowasibu. Na watu wa namna hiyo ndio ambao katika vijiji na mitaa yetu hutengewa sahani na kikombe, hutolewa shuleni, hukosa mchumba, na pengine huachwa waungue jikoni kwa kuwa aliye karibu anaogopa kuguswa na mate yao. Mimi naliita jambo hili deni, na ni deni kubwa.

Ili deni lenyewe lifahamike, yafaa kwanza tuutazame ubongo ukiwa katika siha yake. Ubongo wa mtu mzima una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na kila chembe ina nyuzi zinazoiunganisha na maelfu ya chembe nyingine. Nyuzi nyingine ni fupi hata hazionekani ila kwa hadubini. Nyingine hushuka kutoka karibu na utosi hadi kiunoni, na huko hukabidhi amri kwa nyuzi zinazoendelea mpaka kwenye kidole cha mguu. Ndani ya chembe na nje yake mna maji yenye chumvi, na chembe haipumziki katika kazi ya kuzipanga chumvi hizo: hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, hutoa tena na kuingiza tena, usiku na mchana, mpaka umeme wa ndani ukapungua kuliko wa nje kwa kiasi cha sehemu 70 za elfu moja za volti. Tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya betri ya tochi, walakini kuidumisha ni kazi nzito, na ni mojawapo ya sababu zinazoufanya ubongo, ulio kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ule takriban asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Chembe ikichochewa vya kutosha, vilango vidogo vilivyomo katika utando wake hufunguka, sodiamu ikaingia kwa wingi, umeme ukageuka kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mgeuko huo ukakimbia katika uzi hadi mwisho wake, na katika nyuzi zilizo nyepesi kuliko zote mwendo wake hupita mita 100 kwa sekunde.

Siri hii ilifumbuliwa kwa ngisi, yule yule anayeuzwa kila asubuhi katika masoko yetu ya samaki. Ngisi ana nyuzi za neva zilizo nene ajabu, ambazo humwezesha kujibana kwa ghafla na kuruka kinyumenyume akimwona adui, na unene wake hufikia nusu milimita au zaidi, kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliingiza mrija mwembamba wa kioo ndani ya uzi huo huko Plymouth mwaka 1939 wakaupima umeme wake ukiwa hai. Mara vita vikuu vikawatoa kazini, na ni mwaka 1952 tu ndipo walipotoa hesabu kamili ya jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Uzi hauigusi chembe inayoufuata. Baina yake pana mwanya mdogo mno, na mahali hapo umeme hukoma, ukaachia kazi kemikali zinazovuka kwenda ng'ambo. Kemikali moja, glutameti, huichochea chembe ya pili nayo itoe umeme. Nyingine, iitwayo GABA, huituliza na kuizuia. Katika mizani ya hizo mbili ndimo ilimo akili yetu yote, kwa sababu ubongo hautaki chembe zake zinene kwa pamoja. Ngoma inapokolea, uzuri wake ni kwamba msondo una pigo lake na chapuo lina pigo lake, na kila mpigaji anajua pa kuingia na pa kunyamaza. Wakishikwa wote na pigo moja la nguvu, kelele huzidi lakini ngoma imekufa. Kifafa ndiyo hali hiyo. Kundi la chembe, kwa sababu ya kovu, uvimbe, urithi au sumu, hupoteza kizuizi chake, likaanza kutoa umeme kwa wakati mmoja, na pengine likazivuta chembe za jirani mpaka ubongo mzima ukawa katika pigo hilo moja.

Mtazame basi mtu anayeanguka, na kila dalili itajieleza yenyewe. Kwanza hutoa ukelele ambao wengi huudhania kuwa ni sauti ya pepo. Kumbe misuli ya kifua imekaza kwa mara moja ikaisukuma pumzi ipite katika koo lililobana. Mwili huwa mgumu kama gogo, midomo ikabadilika rangi, kwa kuwa katika nukta hizo haipiti hewa. Kisha huja mtetemeko, na hapa macho ya mwenye subira yataona jambo la ajabu: mtetemeko huanza kwa kasi, halafu vipindi vya kulegea vikazidi kurefuka baina ya mkazo na mkazo, kwa maana chembe zenye kuzuia zimerudi ulingoni na kila mara zinashinda kwa muda mrefu zaidi kuliko mara iliyotangulia, mpaka zikashinda kabisa. Povu ni mate yaliyokosa kumezwa yakachanganyika na pumzi. Damu iliyomo humo, ikiwapo, ni ya ulimi uliong'atwa. Mkojo ni kibofu kilichopoteza ulinzi wake. Hatimaye mgonjwa hulala usingizi mzito, akaamka amefadhaika na kichwa kinamgonga. Aghalabu mambo haya yote, kutoka ukelele hadi kutulia, huchukua dakika moja hadi tatu. Katika hayo hakuna hata moja linaloweza kumwambukiza mtu, si mate, si mkojo, si pumzi.

Wala si kila kifafa humwangusha mtu. Yuko mtoto ambaye katikati ya somo hukodoa macho kwa nukta kumi, asisikie wala asione, kisha akaendelea na daftari lake kana kwamba hapakutokea kitu, na kwa jambo hilo hupigwa fimbo na mwalimu anayemdhania mzembe. Yuko mtu mzima anayenusa harufu isiyokuwapo, au anayejiwa na hisia kwamba mahali asipopata kufika alikwisha kupaona, kisha akatafuna mdomo mtupu na kuchezea vifungo vya shati lake bila ya fahamu. Umeme ni ule ule. Tofauti ni mahali unapozuka.

Dhana ya kwamba kifafa ni cha mizimu na majini si ya Waafrika peke yao. Wayunani wa kale waliyaita maradhi matakatifu, na kiasi cha miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa mwandishi mmoja wa madhehebu ya tabibu Hippocrates aliandika risala nzima kulikanusha jina hilo, akasema kwamba chanzo chake kimo ubongoni, na kwamba mbuzi nao huyapata, ambao wakipasuliwa kichwa huonekana ubongo umejaa maji. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyachambua katika Qanun yake pamoja na maradhi mengine ya kichwa. Waislamu husoma katika Hadithi habari ya mwanamke aliyemwendea Mtume Muhammad, rehema na amani ziwe juu yake, akishitaki kuwa huanguka na nguo zikamfunuka, naye akahiarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, akachagua subira, ila akaomba asifunuke. Na Wakristo husoma katika Injili ya Marko juu ya kijana aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, ambaye baba yake alimleta mbele ya kadamnasi akilia. Ninalolithamini katika simulizi hizi mbili ni kwamba hapana mahali ambapo mgonjwa alifukuzwa. Hofu ya kufunuka na hofu ya moto ndizo hofu za mwenye kifafa hata leo, na waliosimulia walizijua.

Aliyekisoma kifafa kwa macho mapya alikuwa tabibu wa London, John Hughlings Jackson. Katika miaka ya 1860 na 1870 alikaa kando ya vitanda vya wagonjwa akaona kwamba baadhi yao hawaanguki mara moja, bali mtetemeko huanzia katika kidole gumba, ukapanda kiganja, ukafika kiwiko, bega, uso, kila mara kwa mpango ule ule. Wengine walikwisha kuliona jambo hilo. Yeye aliuliza kwa nini mpango haubadiliki, akajijibu kwamba lazima ndani ya ubongo kuwe na sehemu ya mkono iliyopakana na sehemu ya uso, na kwamba umeme uliokosa adabu unatembea juu ya sehemu hizo mtaa hata mtaa. Hakufungua fuvu kuyajua hayo, aliyasoma juu ya ngozi za wagonjwa. Na mke wake mwenyewe, Elizabeth, aliyefariki mwaka 1876, aliteseka kwa mishtuko ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, waliugusa ubongo wa mbwa kwa umeme, mguu wa upande wa pili ukaruka, na maneno ya Jackson yakathibiti.

Ramani yenyewe ilikamilishwa Montreal, Kanada, na daktari mpasuaji Wilder Penfield, aliyekuwa akitafuta kovu linalozaa kifafa ili aliondoe. Kwa kuwa ubongo hauna maumivu, alitia ganzi ngozi ya kichwa tu, mgonjwa akabaki macho akizungumza naye, na yeye akaugusa uso wa ubongo kwa umeme mdogo, hatua kwa hatua, akiuliza kila mara anachosikia. Huyu alisema kidole kimekufa ganzi, yule mkono wake ukanyanyuka bila ya kuutaka, na mwingine akasikia muziki ambao haukuwapo chumbani. Ndipo ilipobainika kwamba midomo na vidole vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima, kwa sababu ubongo hugawa ardhi yake kwa kadiri ya ustadi wa kiungo wala si kwa ukubwa wake. Kila alama katika ramani hiyo ni neno la mgonjwa aliyelala huku fuvu lake li wazi, akamjibu daktari kwa uaminifu.

Walakini katika wote niliopata kuwasoma, hakuna anayenigusa kama Henry Molaison, Mmarekani wa Connecticut. Kifafa kilimtaabisha tangu utotoni hata asiweze kufanya kazi, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya kile kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Alikumbuka nyumba ya utoto wake, alizungumza kwa adabu na akili timamu, alifumbua mafumbo ya maneno, ila mtu aliyetoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache alikuwa kwake mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimsoma kwa miaka mingi, na kila walipokutana ilibidi ajijulishe upya.

Siku moja Milner alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mistari yake, huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hii ni ngumu kwa kila mtu, kwa kuwa mkono huenda kinyume cha jicho. Molaison alikosea sana siku ya kwanza, ya pili akakosea kidogo, na ya tatu akaichora sawasawa, ilhali kila siku aliapa kwamba hajapata kuifanya kazi hiyo maishani mwake. Mkono ulijifunza lisilojulikana na mwenye mkono. Hapo wanavyuoni walitambua kwamba kumbukumbu si hazina moja: kuna ya matukio, ipitiayo hipokampasi, na kuna ya ustadi, ile ya kupiga kasia na kusuka ukili, ambayo njia yake ni nyingine. Molaison alijitolea kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka hamsini, na dunia ilimjua kwa herufi mbili tu za jina lake mpaka alipofariki mwaka 2008. Kadhalika ilikuwa kwa wagonjwa wengine wa kifafa, waliokatwa daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo ili umeme usivuke, ambao kwao Roger Sperry alionyesha kazi ya kila nusu akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Sasa turudi kwetu. Katika milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wenye kifafa miongoni mwa Wapogoro karibu na mwanzo wa miaka ya 1960. Aliwakuta wengine wakiishi katika vibanda vya pekee, wenye makovu ya moto, na aliona pia watoto ambao kichwa huinama na kuinuka mfululizo mfano wa mtu anayesinzia. Miongo kadhaa baadaye hali hiyo ya watoto ilionekana kwa wingi kaskazini mwa Uganda na huko Sudan Kusini, na uhusiano mkubwa umedhihirika baina yake na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi. Sababu nyingine ziko karibu na kila nyumba: malaria iliyopanda kichwani, uchungu wa uzazi uliochelewa mtoto akakosa hewa, ajali za pikipiki. Na kuna tegu wa nguruwe, ambaye habari yake haijulikani sawasawa. Mtu alaye nyama ya nguruwe isiyoiva humpata tegu tumboni. Lakini vifuko vyake huweza kukaa ubongoni mwa yeyote aliyemeza mayai yanayotoka katika choo cha mwenye tegu, kwa maji, kwa mboga au kwa mikono michafu. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajapata kuonja nguruwe maishani mwake yumo hatarini ikiwa jirani yake hana choo.

Kwa watoto wadogo kuna degedege, ambayo wazee wengi wa pwani na bara waliinasibisha na ndege apitaye juu ya nyumba, wakaitibu kwa mafusho. Aghalabu mtoto huyo ana homa kali, na homa hiyo huweza kuwa malaria. Itikadi iliyo mbaya kupita zote ni ile isemayo kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Maana kwa itikadi hiyo wazazi humkalisha nyumbani saa zile zile ambazo dawa ingalimwokoa, na anapofikishwa hospitali akiwa mahututi, akafa baada ya sindano, kosa hutwikwa sindano.

Kwa aangukaye, msaada ni mwepesi. Aondolewe karibu na moto, maji na vitu vyenye ncha, awekewe nguo laini chini ya kichwa, mtetemeko ukipungua alazwe ubavu ili mate yatoke, na astiriwe. Asitiwe kijiko wala kijiti baina ya meno, asikandamizwe, asinyweshwe kitu kabla ya kurejewa na fahamu. Ikipita dakika 5 naye bado anatetemeka, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, apelekwe hospitali pasipo ajizi.

Dawa ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wa wodi yake fenobabitoni ili walale, akagundua kwamba kuanguka kwao kumepungua; dawa hiyo huitia nguvu kemikali ile ya GABA, nayo hata leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kuliko zote za kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 50 wana kifafa, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepata matibabu yafaayo. Lakini kidonge lazima kinywewe kila siku, hata siku ambazo mtu anajiona mzima. Daktari huanza kufikiria kukipunguza baada ya kama miaka miwili bila ya kuanguka, na hukipunguza kidogo kidogo kwa majuma mengi, kwa sababu ubongo uliokizoea ukikikosa kwa ghafla huweza kuingia katika mtetemeko usiokatika, ambao huua. Mgonjwa aliyetembea nusu siku hadi zahanati akaambiwa dawa zimekwisha, arudi mwezi ujao, amewekwa katika hatari hiyo hiyo. Na anayeweza kuizuia ni mwenye kuandika hati ya kuagiza dawa, akiiandika wakati kopo bado lina vidonge.